Mbaazi za Kesho

Wazee waliotutangulia walipotaka kusema kwamba jambo zito halibebwi na mtu mmoja, hawakwenda mbali kutafuta mfano. Waliinama jikoni. Jiwe moja la kupikia, hata liwe gumu namna gani, halisimamishi chungu. Ukililazimisha, chungu hupinduka, mboga humwagika na moto huzimika. Mwanaisha binti Shamte wa Chilangala aliisikia methali ya jifya na chungu tangu hajui kufunga khanga, na wanawe aliwafundisha. Ila kuijua methali ni jambo moja, kuishi nayo ni jambo jingine.

Uani kwa Mwanaisha palikuwa na mkeka mpana ambao nyumba tatu zililia pamoja. Kila jioni, mwanamke wa kila nyumba alikuja na alichopika: Mwanaisha mwenyewe, wifi yake Maryam, aliyekuwa dada wa mumewe, na jirani yao Dorothy, ambaye kila mtu alimwita Mama Danieli. Wanaume walipelekewa chakula chao barazani, wanawake na watoto wakakaa mkekani. Dorothy alikuwa Mkristo na wenzake Waislamu, lakini hakuna aliyewahi kuuliza chungu kinasali wapi.

Kisha ukaja mwaka ambao biashara ya korosho ilifunguliwa. Wanunuzi binafsi wakapanda mlima na malori yao, wakagombania magunia, na malori hayo hayakuja matupu. Yalileta ngano, sukari, madumu ya mafuta na kreti za soda. Chapati, ambayo zamani ilikuwa ya Idi na Krismasi, ikawa ya Jumanne. Suleimani, mumewe Mwanaisha, akanunua mizani kubwa ya kusimama, akaanza kukusanya korosho za wakulima na kuwauzia wenye malori. Neema ikaingia nyumbani kwao, na ilipokosa mahali pa kukaa ikakaa mwilini mwa Mwanaisha. Akanenepa kama boga lililoota jalalani. Watu walimsifu Suleimani kwamba anajua kutunza mke, naye akatembea kifua mbele kana kwamba aliyenenepa ni yeye.

Sifa hizo zilikatizwa na uvimbe karibu na kitovu. Kila Mwanaisha alipojitwika ndoo ya maji na kupanda nayo kutoka bondeni, uvimbe ulichomoza na kumchoma kama kaa la moto. Suleimani akampeleka hospitali ya Ndanda. Daktari alimpima, akasema hiyo ni ngiri na dawa yake ni kisu. Lakini presha ya mgonjwa ilikuwa juu na mafuta ya tumbo yalikuwa mengi.

"Mama, nikikulaza mezani leo, naogopa usingizi wa dawa usije ukawa wa moja kwa moja," alimwambia. "Punguza mwili, presha ishuke, urudi kabla msimu wa korosho haujaanza. Usikawie zaidi ya hapo. Ngiri ikinyonga utumbo, hatutakuwa na nafasi ya kuchagua."

Mwanaisha alitoka mle chumbani. Muuguzi mmoja aitwaye Anastasia, mtu wa Newala, akamkalisha kwenye benchi na kumweleza kwa lugha ya jikoni. Hakumwambia ashinde njaa. Alimwambia asile kwa kushtukiza.

"Usingoje njaa ikuchagulie chakula, dada yangu. Njaa haijawahi kumshauri mtu ale mlenda. Amua leo utakachokula kesho. Jioni loweka mbaazi zako, au choroko, kwa kipimo chako. Zikishalowa hazirudi guniani, na wewe hutakuwa na la kujadili."

Maneno hayo yalimwingia Mwanaisha. Lakini njiani, gari lilipokuwa likipanda mlima kurudi Newala, alimwapisha mumewe asimwambie mtu yeyote. Ngiri kwao ilihesabiwa ugonjwa wa wanaume; vijana waliitungia mizaha vilabuni. Aliona heri azungumze na maumivu kuliko kuzungumzwa visimani. Akapiga moyo konde: chungu hiki atakiinjika peke yake.

Akaanza vizuri. Jioni aliloweka mbaazi katika kijungu alichokificha nyuma ya mtungi. Asubuhi alikunywa uji usio na sukari, mchana akala mbaazi zake kwa kisamvu kisichotiwa nazi na kibonge cha ugali kisichojaza kiganja. Mpaka alasiri alikuwa malkia wa tumbo lake. Tatizo lilikuja jioni, mkeka ulipotandikwa. Maryam alikuwa na mkono wa chapati ambao Mungu huwapa wachache, na wali wa nazi wa Dorothy ulimwita mtu kwa jina. Tena ilikuwa desturi kwamba kila mla mkekani aonje chungu cha mwenzake. Asiyeonja amesema neno bila kufungua kinywa. Basi Mwanaisha alionja. Onjo likaita tonge, tonge likaita sahani. Mbaazi za kesho zilikuwa zimeshalowa, lakini chakula cha usiku kilikuwa kimeshabomoa kilichojengwa mchana.

Alipoona vita hiyo haishi, akauhama mkeka. Leo kichwa kinamuuma, kesho amechoka. Akafunga mlango akala ndani kijungu chake, akiwasikia wenzake wanavyocheka uani.

Watu wa uwanda ule husamehe mengi, lakini anayekwepa chungu cha nduguye haachwi hivihivi. Mtu hukwepa chungu anapoogopa kilichotiwa ndani. Maneno yakaanza kuteremka bondeni na ndoo tupu na kupanda na ndoo zilizojaa: Mama Nurdini, ndivyo walivyomwita Mwanaisha, anauogopa mkono wa wifi yake. Yalipomfikia Maryam, hakulia wala hakugomba. Aliacha tu kumwekea wifi yake sahani. Suleimani, kati ya dada anayenuna na mke aliyemwapisha, akawa mtu wa kutafuna korosho kimya kimya, maana mdomo uliojaa haulazimiki kujibu.

Siku ya Kurwa, mwana wa Maryam, kutolewa jandoni, ngoma zilianza alfajiri. Mke wa mjomba hawezi kukosa shughuli kama hiyo. Mwanaisha alikwenda. Ila alikuwa ameshaamua tangu jana yake atakachokula siku hiyo, akakibeba katika bakuli lenye kifuniko, chini ya khanga.

Wanawake walikuwa wamekaa duara uani kwa Maryam. Maryam mwenyewe alileta sinia la pilau lililong'aa mafuta, mapande ya nyama juu yake, akaliweka mbele ya wifi yake na akabaki amesimama. Mwanaisha alinawa mikono, akaikausha, akanawa tena. Khanga ikamteleza na bakuli likaonekana.

Maryam aliliinua, akafungua kifuniko. Zilikuwa mbaazi na kisamvu.

"Wifi," alisema taratibu, "mwanangu ametoka jandoni salama. Nimewalisha watu wa Chilangala wote. Niambie mbele yao pilau langu lina nini."

Mwanaisha alilitazama sinia. Ilikuwa rahisi kuliko kitu chochote kunyoosha mkono, ale, ashibe, amani irudi. Na kesho ale tena, na keshokutwa, hadi msimu wa korosho umkute na ngiri yake na mlango wa chumba cha upasuaji umefungwa. Alihisi uvimbe ukimchoma chini ya khanga kana kwamba nao unangoja jibu.

"Pilau lako halina kitu, wifi," alisema. "Mwenye kitu ni mimi. Nina ngiri."

Akaeleza yote: kisu, presha, usingizi wa dawa, kijungu nyuma ya mtungi. Alieleza akiangalia chini, akingoja kicheko. Hakikuja. Aliyezungumza kwanza ni Dorothy, ambaye hata kanisani hakuwahi kuweza kunyamaza.

"Kumbe ndiyo maana ulikuwa unapanda na ndoo umejishika tumbo kama mwizi wa mayai."

Kicheko kikapasuka hapo, lakini kilikuwa kicheko cha kumkaribisha, wala hakikumfukuza. Maryam peke yake hakucheka. Macho yake yalikuwa yamejaa.

"Umeniacha nikukaangie chapati siku zote zile," alisema, "kumbe mkono wangu mwenyewe unakuchimbia kaburi. Ungeniambia, wifi. Ungenitukana hata. Ningekuelewa upesi kuliko ule mlango uliofungwa."

Akakaa chini, pale pale mbele ya wageni wake, akachota kutoka kwenye bakuli la Mwanaisha, akatafuna.

"Halafu hazina chumvi," akasema.

"Chumvi nayo wamenipunguzia."

"Basi zitiwe ndimu. Mtu haponi presha kisha akafa kwa kukosa ladha."

Kuanzia jioni iliyofuata, mkeka wa nyumba tatu ulipata desturi mpya. Haukukunjwa kabla ya kesho kuamuliwa. Wakati watoto wakikusanya vyombo, wanawake watatu walikubaliana kesho ni mbaazi au choroko, nani ataleta mlenda, nani atatafuta samaki wakavu. Maryam ndiye aliyekuwa akiloweka, na hakuloweka kwa kificho. Dorothy akatwanga kisamvu, kazi ambayo tumbo la Mwanaisha halikuiweza tena, na ndoo ya maji akaibeba yeye. Mwanaisha akapika. Chapati ikarudishwa kwenye sikukuu zake. Wanaume barazani waliponusa mbaazi siku baada ya siku walianza kunung'unika, na mume wa Maryam akamuuliza Suleimani kama bei ya korosho imeanguka bila yeye kuambiwa. Suleimani, aliyefunguliwa kiapo, alimjibu kwamba kinachoanguka safari hii ni presha, na atakayetaka maandazi akajipikie.

Haikuwa njia nyoofu. Kulikuwa na harusi na matanga, na kuna jioni Mwanaisha alikasirika akasema bora afe ameshiba. Siku hiyo hawakumbembeleza. Walimkalisha kati yao, wakamwuliza kesho anataka choroko au kunde, wakangoja mpaka akajibu.

Mikorosho ilipoanza kutoa maua walimpandisha kwenye mizani ya Suleimani. Dorothy akasogeza jiwe la mizani, akakunja uso kama mnunuzi wa Masasi.

"Daraja la kwanza," akatangaza, "ila gunia limepungua sana. Mwenye mali atapata hasara."

"Msiiamini," Maryam akasema, akimtupia kaka yake jicho. "Mizani hii hupunguza kila kinachopita juu yake. Muulizeni mkulima yeyote."

Suleimani alicheka mpaka akapaliwa. Mizani ya hospitali, isiyo na biashara yoyote na korosho, ilisema vivyo hivyo. Presha ilikuwa imeshuka. Daktari alimtazama Mwanaisha, akaitazama kadi yake, akamtazama tena, na kisha akamwambia ajiandae.

Alipozinduka baada ya upasuaji, kitu cha kwanza kumfikia kilikuwa moshi wa kuni. Kitanda chake kilikuwa karibu na dirisha, na nje, kwenye banda ambamo jamaa za wagonjwa hupikia, aliwasikia wenzake. Walikuwa wamekuta mawe mawili tu mekoni, na Dorothy alikuwa akivingirisha la tatu kutoka nyuma ya banda huku akililalamikia uzito wake.

"Lisogeze kwangu kidogo," Maryam alikuwa akisema. "Hivyo. Sasa tuseme, leo uji. Kesho je?"

"Mbona unaniuliza mimi? Mwulize mwenye tumbo."

Mwanaisha alitaka kujibu, lakini machozi yalikuwa yamemtangulia. Alikumbuka kijungu kilichofichwa nyuma ya mtungi, na miezi aliyojaribu kukibeba peke yake. Muuguzi Anastasia, aliyekuwa akipita, alisimama akamwuliza kama kidonda kinamuuma.

"Hakiumi, dada," Mwanaisha alisema. "Nashukuru tu. Nenda ukawaambie wale wawili kesho ni mbaazi. Waloweke mapema."

Nje, chungu kilitua juu ya mawe matatu bila kuyumba, na moto ukashika. Kweli, jifya moja haliinjiki chungu.