Mchezo wa Kijapani na Kitanda cha Tanga

Aliyeisimulia kwanza hadithi hii ni Bibi Mwanaheri binti Shekiondo, wa Mlalo, katika milima ya Usambara. Aliisimulia siku ya pili ya Idi, mwaka 2009, wajukuu na wakwe wamejaa barazani wakichambua maharage. Mkwe mmoja mgeni aliuliza kwa nini mlango wa kabati la vyombo una michoro ya chaki ambayo hakuna anayethubutu kuifuta. Bibi akajibu kwa hadithi, na hadithi akaimaliza kwa swali. Maharage yale hayakuchambuliwa siku ile.

Hapo zamani, lakini si zamani ile ya sungura na fisi, ni zamani hii iliyokwisha kuwa na umeme, Bibi alikuwa akiishi na wajukuu watatu. Walikuwa watoto wa mabinti zake watatu, na wote watatu walimaliza darasa la saba mwaka mmoja. Wa kwanza Hoza, mwenye mabega, asiyechoka. Wa pili Shaibu, mwenye macho, asiyesahau. Wa tatu Mwantumu, mwenye mdomo, asiyenyamaza.

Mjomba wao Singano, mtoto pekee wa kiume wa Bibi, alikuwa dereva wa kuyatoa bandarini magari yaliyotumika Japani na kuyapeleka kwa wenyewe. Alikaa Tanga. Nyumbani kwake palikuwa na chumba kimoja cha ziada na ndani yake kitanda kimoja, na jirani palikuwa na shule nzuri ya sekondari. Mlalo palikuwa na shule ya kata. Mwalimu wa hesabu alikuwa mmoja, naye huyohuyo alifundisha kilimo na kupiga kengele.

Kitanda kimoja, watoto watatu. Hilo ndilo lililomkosesha Singano raha.

Mtihani ulipokwisha, akapanda Mlalo na sanduku. Ndani yake mlikuwa na mashine ya gemu iliyokutwa kwenye buti la gari, santuri moja ya mchezo, na transfoma ndogo ya kushusha umeme. Mwenye gari alikuwa amemwambia, "Hiyo takataka chukua wewe."

"Atakayeumaliza mchezo huu," Singano akasema, "ndiye nitakayemchukua mwezi wa kwanza."

Bibi akaweka kikombe chini. "Singano, mwanangu, mtoto anachaguliwa kwa runinga?"

"Mama, nikichagua mimi, dada zangu wawili hawatanisalimia mpaka kiama. Mashine haina dada."

"Wala haina akili."

"Ndiyo maana haitapendelea."

Akateremka zake kwenda kazini, akawaachia.

Mchezo ulikuwa wa Kijapani, na maneno yake yote ya Kijapani. Tena yalikuwa mengi! Katika michezo mingine mtu hukimbia na kuruka; katika huu watu walisimama wakazungumza, na mazungumzo yao yakapita chini ya kioo kwa vialama kama nyayo za kuku kwenye majivu. Humo mlikuwa na kijana mwenye upanga, msichana wa kutibu na mzee wa kurusha moto. Mwenye upanga alikuwa na nguvu, lakini sumu kidogo tu ilimlaza. Msichana aliwainua walioanguka, lakini yeye mwenyewe hakuweza kumuumiza hata panya. Mzee aliunguza kila kitu, lakini moto wake ulikwisha haraka na baada ya hapo alibaki kusimama kama mgeni asiyekaribishwa.

Bibi alikaa kwenye kigoda chake nyuma ya watoto, akitengeneza mboga, na alitazama kila kitu.

"Mbona wanapigana kwa zamu?" akauliza siku ya kwanza. "Huyu anapiga, kisha anasimama angoje kupigwa?"

"Ndivyo mchezo ulivyo, Bibi," Hoza akasema.

"Basi wana adabu kuliko watu wa kisimani kwetu."

Aliupenda mchezo ule kwa mambo mawili. Kwanza, haukuwa na pupa: ukitaka kufikiri, adui alikungoja. Pili, muziki wake. Palikuwa na wimbo wa kijiji kimoja penye mvua ambao Bibi aliuvuma hata akikamua ng'ombe. Aliuchukia kwa mambo mawili pia. Kila baada ya hatua chache vijinyama vilevile viliruka kutoka majanini na vita vilevile vikaanza upya. Na mchezo haukukubali kusevu, yaani kuhifadhi ulipofikia, popote. Mpaka ufike kwenye kibanda chenye taa ya buluu, na kibanda kwa kibanda ni mwendo. Umeme ukikatika katikati, umepoteza yote tangu kibanda cha mwisho.

Basi watoto wakagawana kazi bila kukaa kikao.

Hoza alipigana. Mashujaa walikuwa dhaifu, na njia pekee ya kupanda levo, yaani daraja la nguvu, ilikuwa kuviua vijinyama vya majanini, kisha kuviua tena, kisha tena. Shaibu alisinzia, Mwantumu alipiga miayo, Hoza akaendelea. Kidole gumba chake kikaota sugu. "Mnacheka," alisema, "lakini huyu wa upanga hakuzaliwa na nguvu hizi. Nimemlisha mimi."

Shaibu alitambua. Mwanzoni yeye ndiye aliyeharibu: alibonyeza alama asiyoijua, na kazi ya wiki mbili ikafutika. Hoza alimkimbiza mpaka kwenye shamba la kabichi. Kuanzia hapo Shaibu hakubonyeza kitu bila kukijua. Alichukua chaki, akachora alama kwenye mlango wa kabati la Bibi. Alama iliyofanana na mtu aliyejitwika majani ilikuwa dawa. Alama iliyofanana na mtu aliyeinua mikono akikimbia ilikuwa moto. Bibi naye akazijua, akawa anasema kutoka kwenye kigoda, "Hoza, mwenye majani kichwani! Msichana anakufa!" Shaibu ndiye aliyegundua pia kwamba kila adui ana kitu kimoja anachokiogopa: huyu moto, huyu maji, huyu dawa yenyewe.

Mwantumu alisimulia. Hakuna aliyekuwa akijua wale watu wanasemaje, basi yeye akawa anawasemea. Kijana wa upanga akamwita Mgoshi, yaani mwanamume kwa Kishambaa. Msichana akamwita Dada Tiba, mzee akamwita Mzee Cheche. Vialama vilipopita kwenye kioo, Mwantumu alitoa sauti tatu kwa zamu, na mzee wake alikoroma kidogo kabla ya kusema. Mgoshi, kwa maneno ya Mwantumu, aliibwa angali mchanga, na alikuwa akimtafuta mama yake aliyemsahau sura. Majirani wakaanza kuja na vigoda vyao. Kuna siku Hoza alitupa kidude cha mkononi sakafuni, akasema amechoka, vijinyama vimemshinda, kitanda kichukuliwe na yeyote. Mwantumu akasema polepole, "Haya. Lakini Mgoshi ameshausikia wimbo wa mama yake nyuma ya mlima ule." Hoza akaokota kidude.

Mwezi wa kumi na mbili wakafika kwenye mnara wa chuma. Karibu na mlango wa juu alikaa mwanamke mwenye nguo nyeupe, na hatua chache kutoka kwake palikuwa na kibanda cha taa ya buluu. Mwanamke akasema maneno mengi, kisha mchezo ukauliza: ndiyo, au hapana? Shaibu alizijua alama za ndiyo na hapana, lakini swali lenyewe hakulijua.

"Hapana," Hoza akasema. "Mtu usiyemjua, unamwambia hapana."

Wakabonyeza hapana, wakapita mlangoni, na adui wa mwisho akawamaliza wote. Aliogopa nini? Shaibu alijaribu moto, maji, dawa, hakuogopa kitu. Walirudia siku nyingi, wakafa siku zote.

Mwantumu akamtazama yule mwanamke muda mrefu. "Ni mama yake," akasema. "Anamuuliza, 'Utanipokea hata baada ya miaka yote hii?' Nanyi kila siku mnamjibu hapana."

Majirani wakaguna. Bibi, ambaye binti yake mmoja, mama yake Mwantumu, alikuwa ameondoka miaka mingi kufanya kazi Dar na barua zake zilikuwa adimu, akaweka mboga chini.

Wakabonyeza ndiyo. Mwanamke akawapa taa nyeupe. Shaibu akaitazama, akapiga kofi. "Giza! Huyu wa mwisho ni giza, atakuwa anaogopa mwanga!" Lakini mashujaa walikuwa bado dhaifu kwa vita vile, ikabidi Hoza arudi kuua vijinyama, safari hii vya mle mnarani. Wakasevu kwenye kibanda, wakaahidiana kwamba siku ya mwisho watakaa wote watatu.

Asubuhi moja Bibi akashikwa na homa kali. Shaibu na Mwantumu wakampeleka zahanati, mmoja akimshika mkono huu, mmoja ule, mlima unapanda na kushuka. Hoza akabaki na ng'ombe na nyumba.

Waliporudi jioni, Bibi kapata nafuu, walimkuta Hoza amekaa mbele ya runinga iliyozimwa.

"Umekwisha," akasema.

"Nini kimekwisha?"

"Mchezo. Nilikuwa nikipandisha levo mle ndani ya mnara. Nikapiga hatua moja zaidi ya kawaida, mlango ukajifunga nyuma yangu. Kurudi haukubali, kusevu haukubali. Ningezima, jasho la siku nzima lingepotea. Nikapigana."

Shaibu akauma midomo. Mwantumu akageukia ukuta.

"Sasa mwisho wake ukoje?" Bibi akauliza, hata khanga hajaivua.

"Kulikucha. Watu wakatembea. Halafu maandishi yakapanda, yakapanda, muziki ukaisha."

"Na Mgoshi?"

"Alikaa."

"Alikaa wapi, wewe mtoto?"

"Alikaa tu, Bibi."

Wote wakamtazama Mwantumu, aliyekuwa hakuona chochote. Naye, bila kugeuka kutoka ukutani, akasema, "Alikaa kizingitini kwa mama yake. Mama alikuwa ndani anapika. Hawakusemezana, kwa sababu harufu ya chakula ilikuwa inatosha."

Bibi akaketi.

"Nirudie muone wenyewe?" Hoza akauliza, akinyoosha mkono kwenye mashine. "Kibanda kinakumbuka."

"Acha," Bibi akasema. "Mwisho nimeshausikia."

Singano alipokuja, alikuja na mgeni, Mama Fute, bibi shamba wa Lushoto aliyewahi kusomea kilimo cha mboga Japani. Alitaka shahidi asiye ndugu.

Hoza akasema, "Mjomba, ulisema atakayeumaliza. Nimeumaliza. Nguvu zote za mashujaa ni za kidole hiki."

Shaibu akasema, "Kidole kisichojua alama kinabonyeza kifo. Dawa ni mimi, moto ni mimi, kuijua kazi ya taa ni mimi. Na wakati yeye anamaliza, mimi nilikuwa nimembeba Bibi."

Mwantumu akasema, "Hoza alitupa kidude, nikamrudisha. Kwa yule mwanamke mlikwama, nikawapitisha. Nami pia nilikuwa nimembeba Bibi."

Mama Fute akaomba aonyeshwe yule mwanamke. Shaibu akawasha mashine, wakaenda hadi kwake. Mama Fute akasoma, akasoma tena, akaanza kucheka mpaka akashika mbavu.

"Huyu si mama wa mtu. Huyu ni muuza taa. Anasema, 'Huko mbele ni giza, taa zangu ni za bei nafuu.' Halafu anauliza, 'Utanunua?'"

"Mnaona!" Hoza akaruka. "Miezi mitatu anatudanganya!"

"Nilisema bonyezeni ndiyo," Mwantumu akajibu, sauti imepungua. "Jibu lilikuwa ndiyo, au si ndiyo?"

"Kwa kubahatisha!" Shaibu akasema.

"Na wewe ulipofuta kazi ya wiki mbili, hukubahatisha?"

Singano akashika kichwa. Mashine isiyo na dada ilikuwa imemrudishia watoto walewale watatu na kitanda kilekile kimoja. Akamgeukia mama yake. "Mama, mimi sikuwepo. Wewe ulikaa hapo nyuma tangu mwanzo. Sema wewe, nami nitafuata."

Bibi akautazama mlango wa kabati, mtu mwenye majani kichwani, mtu mwenye mikono juu. Akawatazama watatu. Yeyote atakayemtaja, kesho yake kigoda kimoja hakitakuwa na mtu, na wawili watakaobaki watamuuliza kwa macho kila wakati wa kula. Akasema, "Nitasema asubuhi, nikishakamua."

Na asubuhi, alipokwisha kukamua, alitaja jina moja.

Jina hilo Bibi hakulisema siku ile ya Idi, wala siku nyingine yoyote aliposimulia, na hapa pia haliandikwi. Aliwatazama waliokuwa barazani, akaacha maharage mkononi, akauliza tu.

Bibi Mwanaheri alifariki mwaka 2016. Kabati lipo na chaki yake. Mama Fute alihamishwa kutoka Lushoto, na habari zake hazijulikani. Singano yu hai, ameacha udereva. Hoza yu hai, Shaibu yu hai, Mwantumu yu hai. Mmoja wao alikilalia kitanda kile miaka minne, na wakikutana siku za Idi bado wanabishana.

Haya, nanyi mmeshakaa kwenye kigoda cha Bibi: mwenye kidole aliyefika mwisho peke yake, mwenye macho aliyeharibu kisha akawafumbua wenzake macho, na mwenye mdomo aliyesema yasiyokuwamo yakawafikisha. Je, kitanda cha Tanga alikistahili nani?