Kata Saba na Kisima Kimoja

Hapo zamani za kale, na msiniulize mwaka, wanyama walikuwa na mji wao na kisima kimoja tu. Pimbi, mama wa watoto wanne, alichota hapo maji ya kunywa. Tembo akataka kisima kigeuzwe bwawa lake la kuogea.

Pimbi aliogopa sana. Bwawa likichimbwa, watoto wake watakunywa nini?

Jambo hilo lilingoja baraza la mji. Mji ungegawanywa kata saba, na kila kata ingechagua diwani mmoja. Kazi ya kuchora mipaka alipewa Tembo, kwa kuwa nyayo zake zinaonekana vizuri.

Pimbi akamwendea.

"Shikamoo, Mzee Tembo."

"Marahaba. Umekuja kulia?"

"Nimekuja kukuonea huruma. Nasikia utakuwa kata moja na panya."

"Mimi? Na panya? Lahaula!"

"Wewe, Mzee Faru na Mzee Kiboko ni watu wazito. Jichukulieni bonde zima liwe kata yenu. Sisi tubaneni huku majabalini, kwenye zile sita zilizobaki."

"Vikata vidogo hivyo?"

"Vidogo mno. Changu kitaishia pale kwenye jiwe."

Tembo akacheka mpaka masikio yakapiga pwata! pwata! Akalizunguka bonde siku tatu, ti! ti! ti!, akichora mpaka.

Siku ya uchaguzi, bondeni waligombea wote watatu, wakatukanana, akashinda Tembo. Majabalini wakashinda Pimbi, Panya, Kindi, Nguchiro, Mjusi na Kobe.

Baraza likakutana. Karani, Bwana Korongo, akauliza, "Wanaotaka bwawa?"

Tembo akainua mkonga. Akaona haitoshi, akainua na mguu.

"Mzee, diwani mmoja, kura moja."

"Lakini kata yangu inazishinda zote sita kwa ukubwa!"

"Ni kubwa kweli," alisema Korongo, akaandika moja. "Wanaopinga?"

Mikono mitano ikainuka, pap! Wa Kobe ulichelewa, wakausubiri. Kisima kikabaki kisima.

Tembo akamgeukia Pimbi, machozi yakimlengalenga. "Wewe ndiye uliyeniambia nichukue bonde!"

"Na umelipata, Mzee. Hakuna panya hata mmoja."

Basi, wanangu, mtu akiwagawia eneo kubwa, msishangilie kabla ya kuuliza lina viti vingapi.