Mgeni Aliyekuja na Kigoda Chake

Hapo kale, tembo walipokuwa wakijenga nyumba na kupika uji kama sisi, alikuwapo mtoto wa tembo aitwaye Mwamvua. Kaeni vizuri, hadithi hii si ya kuchekea.

Mwamvua aliangusha kipande cha muwa nyuma ya choo. Mama yake akamwambia akakioshe. Yeye akakipangusa kwenye sikio, akala.

Juu ya muwa ule alikuwapo kijidudu mmoja, Chepe, mdogo hata jicho halimwoni. Akateremka nao mpaka utumboni. Huko aliishi Bi Utando, aliyeufunika ukuta wote wa utumbo kwa vinyweleo laini. Vinyweleo hivyo ndivyo vilivyonyonya uji na maji, Mwamvua akapata nguvu. Bi Utando hakuwa mjinga. Mgeni asiyemjua hakumpa kiti, basi mgeni akichoka kusimama hupita zake pamoja na makapi.

Chepe akabisha hodi kwa adabu zote. "Shikamoo, bibi. Usihangaike na kiti. Kigoda nimekuja nacho."

Bi Utando akaona haya. Utamfukuzaje mtu ambaye hajakuomba kitu?

"Marahaba. Haya, kaa kidogo."

Kidogo gani! Chepe alikipigilia kigoda, gogogo, kikazama ukutani. Vinyweleo vya chini yake vikalala, vikanyauka. Akazaa wenziwe, kila mmoja na kigoda chake. Ukuta ukabaki mtupu, ukapasuka nyufa, na maji yaliyopaswa kuingia mwilini yakawa yanatoka, shwaa, shwaa.

Mwamvua akahara mpaka macho yakaingia ndani na mkonga ukalegea. Mama yake alilia, huku akichanganya maji yaliyochemshwa na sukari na chumvi, akimnywesha kijiko kwa kijiko.

"Nimekukosea nini, Chepe?" Bi Utando akauliza kwa uchungu.

"Hujanikosea, bibi. Nilitaka tu maji mengi ya kunitoa nje, nikatafute nyumba nyingine."

Akajiachia, yeye na wenziwe, wakaenda na maji.

Mwamvua akapona. Bi Utando akaotesha vinyweleo vipya, polepole. Na mama mtu, kwa furaha, akabeba matandiko aliyoharia mwanawe akayafua mtoni, asijue kwamba huko chini ya mto mtoto wa Bi Nyumbu, jirani yao, alikuwa anakunywa maji hayo. Yule hakupona. Nikifika hapa roho huniuma.

Wanangu, mdudu wa kuhara havunji mlango. Sisi ndio tunaomkaribisha kwa uchafu wetu.