Babu Alivyoomba Radhi Kizimbani

Radhi ya barazani ni hatia kizimbani. Nimesema hivyo, Hoza, na usinikunjie uso. Wewe ndiye uliyekaa hapa kwenye mkeka wangu ukajisifu kwamba Jumatatu ukifika mahakamani utasema "ni kweli", utaomba msamaha, na ikifika saa tano uko kijiweni na pikipiki yako. Dada yako Mwantumu ameniuliza usemi huo nimeutoa wapi. Swali zuri. Vuteni hizo sinia za maharage mchambue huku mnasikiliza, maana nikiwaachia mikono mitupu mtashika simu. Sikuutoa mbali. Ulizaliwa humu humu nyumbani, na ulizaliwa hivi.

Babu yenu Shebughe, Mungu amrehemu, alikuwa mtu wa adabu kupita kiasi. Alilelewa na mjomba wake, Mzee Ngoda, na Mzee Ngoda ndiye aliyekuwa msemaji wa baraza la wazee hapa Kwemzizi. Baraza hilo lilikuwa na desturi, na bado ipo. Mtu akikulalamikia, huanzi kwa kubisha. Unainama, unasema, "Ni kweli, nimekosa, naomba radhi." Hata kama huna kosa. Ukishaomba radhi wazee wanasema, "Haya, sasa tueleze," na hapo ndipo unapomwaga yako yote. Anayeanza kwa kukataa anaonekana jeuri, na maneno yake hayasikilizwi vizuri. Ni desturi nzuri. Imepatanisha majirani wengi na mimi siibezi hata kidogo.

Mwaka usemi huo ulipozaliwa nilikuwa na mimba ya baba yenu. Alasiri moja ya masika, babu yenu alimkuta mtamba wa Mzee Kaniki kwenye shamba letu la maharage. Mtamba, kwa ninyi mnaojua ng'ombe wa kwenye sahani tu, ni jike ambaye bado hajazaa. Huyu alikuwa mwekundu, mnene, anakula maharage yetu kana kwamba aliyapanda yeye. Kwetu ukimkuta mnyama wa mtu unamfunga, unampa majani, kisha unakwenda kumwambia mwenyewe. Babu yenu akamfunga zizini kwetu. Alikuwa anavaa koti ili aende kwa Mzee Kaniki, ndipo nikashikwa na uchungu.

Tena haukuwa uchungu wa mchezo. Walinibeba kwa machela hadi hospitali ya bondeni, na babu yenu akakaa nami huko siku tatu, habari za mtamba zimemtoka kichwani kabisa. Siku ya tatu Mzee Kaniki akamsikia mnyama wake akilia njaa zizini kwetu. Akamwona amefungwa, mwenye nyumba hayupo, na hakuna jirani aliyeambiwa kitu. Ningekuwa mimi ningefikiri kama alivyofikiri yeye. Akaenda polisi. Babu yenu aliporudi kuchukua kanga za mtoto alikuta askari wawili wanamsubiri. Akainama akawaambia, "Ni kweli, wakubwa, nimekosa." Yeye alikuwa anaungama kosa la kunyamaza. Wao wakaandika wizi.

Kuiba ng'ombe si kuiba kuku. Kulikuwa na kifungo cha miaka mbele yake, na mimi nina mtoto wa siku nne mkononi. Nililia, sikuona haya. Nilijua wakimfunga, huyu mtoto atakuja kumjua baba yake siku ambayo yeye mwenyewe amekwisha kuanza shule.

Mzee Ngoda alikwenda kumwona mahabusu, pale polisi wanapowaweka watu kabla ya kupelekwa mahakamani. Akamwambia, "Mpwa wangu, hakimu ni mkubwa. Usibishane naye. Omba radhi kwanza, kisha utaulizwa." Alimpa alichokuwa nacho, maskini, na alimpa kwa mapenzi.

Asubuhi ya kesi tuliteremka bomani, kwenye mahakama, kama watu wanaokwenda harusini. Mzee Ngoda alikusanya mashahidi wanane, kila mmoja na koti lake la sikukuu. Alikuwa na uhakika kwamba mpaka adhuhuri mambo yamekwisha na tunarudi na mtu wetu. Mimi nilikaa benchi la nyuma na mtoto kifuani. Hakimu alikuwa mwanamke wa makamo, miwani imeshuka puani, na hakuwa na papara.

Jina la babu yenu likaitwa. Akapanda kizimbani. Karani akasimama akasoma shtaka: kwamba siku fulani, kijiji cha Kwemzizi, aliiba mtamba mmoja, mali ya Kaniki. Kisha akamwuliza, "Ni kweli au si kweli?"

Babu yenu akaweka mkono kifuani, akainamisha kichwa. "Ni kweli, mheshimiwa. Naomba radhi."

Hakimu akaandika. Babu yenu akabaki ameinama, anangoja aambiwe, "Haya, sasa tueleze." Hakuna aliyemwambia. Badala yake hakimu akamgeukia mwendesha mashtaka, yule anayesimamia kesi upande wa serikali, akamwambia asome maelezo ya kosa. Naye akasoma kwamba mshtakiwa aliingia zizini kwa Kaniki, akakata kamba, akamswaga mtamba hadi kwake, akamficha ili awe wake.

"Mshtakiwa, umesikia maelezo hayo," hakimu akasema. "Ni sahihi?"

Babu yenu akatutazama. Mzee Ngoda alikuwa anaitikia kwa kichwa, polepole, kama anavyofanya barazani: kubali, mwanangu, kubali, zamu yako ya kusema inakuja. Mimi nikatikisa kichwa changu. Sikuwa nimesoma sheria, lakini nilikuwa na masikio, na nilisikia mtu anapewa kamba ambayo hakuikata. Babu yenu akamtazama mjomba aliyemlea, akanitazama mimi, akamtazama mtoto.

"Mheshimiwa," akasema, "kamba sikukata."

"Sema ulichofanya."

"Zizini kwa Mzee Kaniki sikuingia. Mtamba nilimkuta kwenye maharage yangu nikamfunga. Mke wangu akashikwa na uchungu, tukaenda hospitali, nikasahau kumwambia mwenyewe."

"Ulimfunga ili awe wako?"

"La hasha. Kosa langu ni kukaa kimya."

Hakimu akavua miwani. "Sasa mbona umesema ni kweli?"

"Kwetu mtu akilalamikiwa huanza kwa radhi, mheshimiwa. Halafu ndipo wazee humwuliza."

"Nimekuelewa," hakimu akasema. "Lakini hapa umeulizwa swali moja. Lililosomwa, umelitenda au hukulitenda? Ukisema ni kweli, na maelezo ukayakubali, kinachobaki ni adhabu. Hakuna atakayekwambia ujieleze ili akuondolee kosa." Akaandika upya, kisha akasoma alichoandika: mshtakiwa amekana kosa.

Mzee Ngoda akasimama. "Mheshimiwa, mashahidi wetu ni hawa hapa, wanane."

"Mzee, kaa. Leo si siku ya mashahidi. Leo mshtakiwa anasomewa, anajibu, na tunaangalia dhamana. Ushahidi una siku yake. Wadhamini wapo?"

Wote wanane wakanyoosha mikono.

"Nataka wawili, na kila mmoja awe na barua ya mtendaji wa kijiji inayothibitisha kwamba anamjua na anaishi huko."

Mikono ikashuka. Makoti tulikuwa nayo, mashahidi tulikuwa nao, hata jogoo wa kusherehekea tulimwacha tayari nyumbani. Barua hatukuwa nayo hata moja. Hakimu akasema atangoja mpaka saa nane. Zikikosekana, babu yenu atapanda karandinga, lile lori la mahabusu, aende gereza la mkoa akangoje huko wiki mbili.

Hapo ndipo nilipomheshimu Mzee Ngoda, ingawa nilikuwa nimemkasirikia. Hakujitetea. Alimvuta mzee mwenzake mkono, wakaushika mlima kwa miguu. Kufika ofisini, mtendaji hayupo, yuko msibani kitongoji cha pili. Wakamfuata hadi makaburini. Bahati alikuwa mtu wa kutembea na muhuri mfukoni. Aliandika barua zote mbili akiwa amechuchumaa, karatasi kaiweka gotini, na udongo wa kaburi haujakauka mikononi mwa watu.

Karandinga lilikuwa limeshawashwa pale uani Mzee Ngoda alipoingia, matope hadi magotini, barua kazishika juu. Hakimu akazisoma, akawahoji wadhamini, wakaweka sahihi. Babu yenu akatoka kwa miguu yake mwenyewe. Alimpokea mtoto kwangu hapo hapo uani, akambeba mpaka nyumbani bila kumpa mtu mwingine.

Siku ya ushahidi ilipofika, muuguzi alileta daftari la wodi ya wazazi kuonyesha siku tulizokaa huko, na Mzee Kaniki mwenyewe akakiri kwamba kamba yake hakuiona imekatwa, ilikuwa imeoza. Babu yenu akaachiwa huru. Alipotoka akaenda kwa Mzee Kaniki, na hapo ndipo alipoomba radhi kwa kunyamaza. Ikapokewa, wakala pamoja.

Baraza lilipokaa tena, wazee walingoja Mzee Ngoda afungue kama kawaida yake. Akasimama, akasema, "Nimefundisha watu hapa miaka thelathini waanze kwa radhi. Waendelee. Lakini mpwa wangu nilikaribia kumfunga kwa ulimi wangu mwenyewe. Radhi ya barazani ni hatia kizimbani." Tangu siku hiyo, mtu wa hapa akiitwa bomani huambiwa maneno hayo kabla hajapewa hata nauli.

Sasa, Hoza. Najua unataka kuniuliza kama nakufundisha uongo. Sikufundishi. Likisomwa ulilolitenda, lote kama lilivyo, sema ni kweli na ubebe mzigo wako. Wewe umeshtakiwa kwa kosa gani?

"Kuiharibu meza ya nyanya ya Mama Kilua kwa makusudi, Bibi. Kwa sababu tuligombana naye jana yake."

Na uliigonga kwa makusudi?

"Hapana. Breki zilikataa pale mteremkoni."

Basi karani akikusomea hayo makusudi, utajibuje?

"Si kweli."

Polepole, kwa heshima, na kichwa juu. Halafu ufunge mdomo mpaka uulizwe. Wadhamini usihangaike, ni mimi na baba yako, na barua zetu za mtendaji ziko chini ya godoro langu tangu jana, zimepigwa muhuri. Ulidhani mimi mtu wa kushikwa na jambo moja mara mbili?

"Na radhi, Bibi? Nyanya zake si zilimwagika kweli?"

Zilimwagika. Ndiyo maana kesho asubuhi tutakwenda wote nyumbani kwake, ukamwombe radhi kwenye baraza lake, na utamwambia habari ya breki kama ulivyoniambia mimi. Hapo ndipo mahali pake. Jumatatu utajibu unachoulizwa. Radhi ya barazani, mjukuu wangu, ni hatia kizimbani.