Mlima Uliovundika Ndizi

Kaeni, wajukuu, tegeni masikio. Palikuwa na watu, na watu wale hawapo tena. Palikuwa na mlima, na mlima ule umebaki nusu.

Uliitwa Ikemo. Chini yake, ndani kabisa, Mungu aliweka moto unaoyeyusha mawe yakawa kama uji. Uji ukichemka kwenye chungu kilichofunikwa, si mnajua? Unatafuta pa kutokea. Lakini watu wa Ikemo hawakujua. Walijua ndizi tu.

Walichimba mashimo mlimani, wakavundika humo ndizi za pombe. Zamani ziliiva polepole. Mwaka ule zikaiva upesi, halafu upesi zaidi. Wakachimba, wakavundika, wakashangilia. "Mlima unatupenda!" Wakapanda juu zaidi, kwenye udongo wa moto zaidi. Wakachimba, wakavundika, wakashangilia.

Asubuhi moja Sekela, mke wa Mwambije, akafukua shimo lao. Ndizi hizo zilikuwa za pombe ya harusi ya binti yao, Tupoke. Ndizi zikatoka na mvuke, zinanuka kama yai viza.

"Baba Tupoke, njoo uonje. Hizi hazikuiva. Zimepikwa!"

Mwambije akacheka akishika mbavu. "Basi mlima umekupunguzia kuni! Mwanamke mzima unaogopa ndizi?"

"Naogopa huo moto ulio chini yake. Tumchukue mtoto tuvuke mto leo hii."

"Na wakwe wakija wanywe nini, maji? Uso wangu nitauficha wapi?"

Msicheke. Mtu mzima yule aliogopa wakwe kuliko mlima.

Wakiwa bado wanabishana, ardhi ikatetemeka. Sekela akamshika Tupoke mkono, wakakimbia. Mwambije akawafuata hadi mtoni, kisha akasimama.

"Tangulieni! Nachukua mkungu mmoja tu, tusionekane mafukara."

"Baba, acha!" Tupoke akalia.

"Nakuja, mama. Nakuja."

Akapanda. Sekela akamvusha Tupoke mto.

Mlima ukapasuka. Upande mzima ukaruka. Wingu la majivu ya moto likateremka mbio kuliko swala, likapita mashimoni, likapita nyumbani. Mawe yakanyesha. Jua likazimika mchana. Majivu yakalemea mapaa, mapaa yakawaangukia waliojificha. Mto ukawa tope linalochemka, ukabeba ng'ombe na wachungaji wao. Kisha migomba ikafa, njaa ikaja kuchukua waliosazwa na moto.

Mvua ilipopoza majivu, Sekela alirudi kumtafuta mumewe. Hakuona shimo, hakuona nyumba, hakuona hata njia. Akaita, akaita. Hakujua amesimama juu ya mlango wa nani.

Wajukuu, jambo likiwarahisikia ghafla, mshukuruni Mungu, halafu ulizeni limetoka wapi. Mimi hushukuru nikasahau kuuliza. Katika hilo msinifuate. Na mtu akiwaambia "tuondoke", msianze kwa kumcheka.

Nilivyopokea ndivyo nilivyotoa. Waliolala chini ya majivu, Mungu awarehemu. Nasi tuliobaki, atufumbue macho.