Sine, Cosine na Gari la Tatu

Tuseme kuna kaunti moja, msiniulize ni ipi, iliyochoka kupiga simu huku na kule ikitafuta ambulensi. Wakaleta system. Mtu akipiga simu, dada wa zamu anaingiza mahali mgonjwa alipo, query, yaani swali la kompyuta, inaingia kwenye database, inapiga hesabu ya sine na cosine kwa kila gari, na lililo karibu zaidi linatokea kwenye skrini. Moja tu. Very smart. Kulikuwa na uzinduzi, na keki.

Siku moja saa sita mchana simu ikalia. Mama amejifungulia nyumbani, mlimani, kilomita sita kaskazini mwa ofisi, na damu haikatiki.

Gari la Tatu lilikuwa hapo hapo uani, chini ya dirisha. Dereva wake alisikia kila kitu. Skrini ikaandika: Gari la Saba. Na Saba lilikuwa kilomita hamsini mashariki ya huo mlima.

"Sister, nipe hiyo," dereva akasema dirishani. "Huko ndiko kwetu. Dakika kumi niko hapo."

"Dere, system imeita Saba."

"Saba iko wapi na mimi niko wapi? Si unaniona?"

"Mimi naona skrini. Sasa unataka kubishana na cosine? Kwani hesabu ulipata nini, D plain?"

Ofisi ikacheka. Dereva naye akacheka kidogo, akarudi garini, akakaa.

Gari la Saba lilifika baada ya saa moja na dakika ishirini. Walikuta mtoto anapumua. Mama, la.

Kikao kikaitwa. Fundi aliyeandika ile query akaisoma mara mbili, akajikuna shingo.

"Mahali pa magari tunapahifadhi kwa nyuzi," akasema. "Zile za shule, nyuzi tisini, nyuzi mia na themanini. Lakini sine na cosine za database zinataka radiani, kipimo kingine kabisa. Nilisahau kugeuza."

"Na mashine haikukataa?" mkubwa mmoja akauliza.

"Haikatai. Ukiipa namba, inakupa namba. Kwa hapa kwetu, umbali wa mashariki na magharibi umekuwa ukisinyaa karibu uishe. Aliye mbali mashariki anaonekana jirani."

Akaandika neno moja pale pale, RADIANS, linalogeuza nyuzi kuwa radiani, na tangu siku hiyo hesabu iko sawa.

Naona mnatikisa vichwa. Mshapata wa kulaumu, sivyo? Fundi! Na ni kweli, kuna watu wamekaa humu kanisani wana degree za hesabu na wanauza soseji za smokie stendi, wangeliona kosa hilo kabla hata ya keki kukatwa. I agree. Lakini hadithi haijaisha.

Kikao kilipokwisha, mume wa marehemu hakumwendea fundi. Hakumwendea hata dada wa zamu. Alimfuata dereva wa Gari la Tatu nje.

"Wewe ulijua?"

"Nilijua."

"Ungeenda tu bila kutumwa, wangekufanya nini?"

Dereva akafikiria. Hakuwahi kujiuliza hilo.

"Wangeniandikia barua ya onyo," akasema.

Barua, ndugu zangu. Karatasi.

Sisi tunapenda kuhesabika pamoja na waliosahauliwa. System haituoni, system haituiti, tumetuma CV mpaka email imejaa. True. Sitawadanganya kwamba kesho itatuita. Lakini wale tunaowaona sisi kwa macho yetu, tunangoja nani atutume? Tunaogopa nini hasa? Nani atatufuta kazi, sisi ambao hatuna kazi?

Yule mzee fundi viatu, nyuma ya ukuta huu, alianguka Jumatano, hawezi kusimama, na anaishi peke yake. Waliosikia habari hiyo wainue mikono. Asanteni. Karibu wote. Waliokwenda wabaki wameinua.

Nimeona. Tunangoja kamati ya kutembelea wagonjwa ipange zamu.

Sina sala ya kufunga leo. Akina mama wa jikoni, mimineni uji kwenye chupa. Vijana, leteni ile machela ya stoo. Tutaomba tukifika kwake.