Pima Saba za Kazija

Karata hufichwa, dau husema. Methali hii mmeisikia leo harusini, mkacheka na waliocheka, kisha mkaja kuuliza imetoka wapi. Haikutoka kwa mwenye hekima yeyote. Ilitoka kinywani mwa mwanamke aliyepandwa na hasira, na chanzo chake ni hiki.

Katika kijiji cha Mjibwe, kisiwani Pemba, wanawake walikuwa wakikutana barazani kwa Bi Riziki baada ya sala ya adhuhuri, wanasuka ukili. Ukili, kwa nyinyi mliozaliwa juu ya zulia la plastiki, ni ule utepe mrefu uliosukwa kwa majani ya ukindu. Tepe zikishonwa pamoja ndiyo mkeka. Hupimwa kwa pima, yaani mikono miwili iliyonyooshwa. Vidole vikichoka, karata zilitoka chini ya ukindu wakacheza kimbia. Imamu akipita, karata zilirudi chini na wanawake wakaanza kuisifu mvua.

Kimbia ni mchezo mwepesi. Unapewa karata tatu, unaziona peke yako. Unaweka dau la ukili katikati. Mwenzako ama anaweka kama lako, ama anaongeza, ama anakimbia na kukuachia kilichowekwa. Asipokimbia mtu, karata zinafunuliwa na mwenye kubwa anazoa vyote.

Sasa mmoja wao, Kazija, alikuwa anamwoza binti yake. Mkeka wa bibi harusi, kwa desturi yao, husukwa na mama mwenyewe: pima kumi na nne za ukili wa rangi. Bibi harusi akienda na mkeka wa kununua, wakwe watauliza mama yake alikatika mikono lini. Kazija alikwisha kuzisuka zote, nyekundu na zambarau, na harusi ya binti yake Raya ilikuwa imebaki mwezi na siku nane.

Mtu mwenye harusi anakwenda kuchezea nini kamari? Alitaka kushinda ukili wa mkeka wa pili, watu waseme Kazija kamwozesha mwanawe kwa mikeka miwili. Badala yake, jirani yake Bi Mize alimnyoa bila maji. Ukili mweupe, ule usiotiwa rangi, ulimwisha wote. Akaanza kubadilishana na huyo huyo Mize: pima moja ya rangi kwa mbili nyeupe, apate cha kuchezea. Mwezi ulipokatika, pima saba za Raya zilikuwa kapuni mwa Mize.

Kazija aliwaka.

"Mize, karata hizi umezitia alama!"

"Alama gani, shoga? Kanunue zako."

Akanunua. Karata mpya, na nailoni yake haijachanwa. Akaliwa na hizo hizo. Akasema Mize mchawi. Akasema Bi Riziki anamkonyeza. Akahama mahali, akakaa mgongo ukutani ili mtu asichungulie. Akaliwa mgongo ukutani.

Kisha siku moja akapata karata tatu za kutisha. Akachukua pima ya rangi, akaibwaga katikati kama mtu anayemtupia mwenzake talaka.

"Nimekimbia," akasema Mize.

Karata za Mize zilikuwa bado zimelala kifudifudi. Hata hajazigusa.

"Umekimbia nini na hujaziona zako?"

Mize akajifanya anatafuta sindano. Bi Riziki akakohoa ndani ya kanga. Kazija akawatazama mmoja mmoja, akaona hakuna anayemtazama usoni wala mikononi. Wote macho yalikuwa kwenye ule ukili mwekundu.

Hapo ndipo alipojua. Karata zikiwa nzuri, siku zote aliweka wa rangi. Zikiwa mbaya, aliweka mweupe, na Mize akiongeza kidogo tu yeye hukimbia. Mwezi mzima anawasomea gazeti, nao wanasikiliza kimya!

Alirudi nyumbani akatwanga mpunga mpaka ukawa unga. Hasira aliyoamka nayo kesho yake ilikuwa ile ile, ila sasa ilikuwa na akili.

Mkono wa kwanza alipata mbili, nne na tano, uchafu mtupu. Akaweka pima ya rangi. Mize akakimbia mbio. Kazija akaokota alichoachiwa, akazirudisha karata zake bila kumwonyesha mtu.

Mkono wa pili zikaja ree mbili, karata kubwa kuliko zote, na mfalme. Kazija akashusha pumzi, akaweka pima moja nyeupe.

"Maskini!" Mize akacheka. "Harusi imekuchosha." Akapindua kapu, pima saba za rangi zikamwagika katikati. "Kimbia, mwanamke, ukapike."

Kazija akatia mkono kapuni mwake. Pima saba za rangi zilizombakia ndizo hizo tu. Akishindwa, Raya ataingia kwa wakwe mikono mitupu. Akazitoa zote, akaziweka juu ya zile.

Mize akafunua: nane, tisa na ghulamu. Kazija akafunua zake.

Mize akaruka wima. "Mwizi mkubwa wewe! Ukiwa na karata kubwa unaweka wa rangi! Siku zote unaweka wa rangi!"

"Kumbe ulikuwa unajua?"

"Nani asiyejua? Karata unazificha, dau lako linasema!"

"Limesema mwezi mzima na umeliamini," akajibu Kazija, anakusanya pima zake kumi na nne. "Leo limekudanganya, unanitukana mimi? Litukane lenyewe. Na wewe Bi Riziki, kikohozi chako cha jana kakitibu kwako. Biriani la Raya usilitie mdomoni."

Raya aliondoka na mkeka mmoja, wa mikono ya mama yake. Maneno ya Mize yakabaki barazani, yakapunguzwa yakawa mafupi, yakatoka Mjibwe mpaka hapa.

Kwa hiyo mkimwona mtu amefumba mdomo, msihangaike na mdomo. Tazameni anachotoa, na kwa nani. Kama wewe mjukuu hapo, unayeapa humtaki yule kijana wa duka la pembeni, na chumvi unakwenda kununua mara tatu kwa siku. Usininunie. Karata hufichwa, dau husema.